Mwenye Jeraha Lisiloonekana, na Hadhari ya Anayemsikiliza

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wangu wa semina za ushauri nasaha, ambao ni wauguzi wa zahanati, walimu wa malezi, maafisa ustawi wa jamii, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, na walimu wa madrasa. Kila mmoja ameuliza kwa kadiri ya kazi yake, nami nimewajibu wote kwa pamoja, kwa kuwa mtu mmoja aliyeumizwa aghalabu hupitia mikononi mwao wote.

SWALI: Mwalimu, kiwewe ni kitu gani hasa, na kwa nini kisihesabiwe kuwa ni huzuni tu kama huzuni nyingine?

JIBU: Huzuni, hata iwe kubwa namna gani, humwacha mwenyewe akijua kwamba jambo limekwisha kutendeka na liko nyuma yake, bali aliyepatwa na kiwewe hukaa na jambo lililokwisha kana kwamba lingali linatendeka, hata mlango ukibamizwa tu moyo wake huenda mbio, na harufu ya mafuta ya taa au sauti ya mtu asiyemjua humrudisha palepale alipodhani kuwa atakufa. Hukosa usingizi, huota ndoto za kutisha, huzikwepa njia na nyuso zinazomkumbusha, na pengine huwa kama aliyetiwa ganzi, hacheki wala halii. Matabibu wa maradhi ya akili wa Marekani waliiingiza hali hii katika kitabu chao cha kutambulisha maradhi mwaka 1980, baada ya askari waliorejea kutoka vita vya Vietnam kudai kwa miaka mingi kwamba taabu yao itambuliwe. Lakini waliojeruhiwa hivyo walikuwapo zamani sana kabla ya kitabu hicho.

Sina budi kuongeza neno moja la kutuliza. Si kila apatwaye na masaibu huugua. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, takriban watu 70 katika kila 100 hukutana maishani mwao na jambo la kutisha la namna hii, ilhali katika hao waliokutana nalo hawafiki 6 kwa kila 100 wanaopatwa na maradhi yenyewe. Waliobaki huponywa na siku, na jamaa, na ibada, na kazi. Mshauri asiyeyajua haya humwona kila mfiwa kuwa ni mgonjwa, na kwa kumwona hivyo humpokonya nguvu alizokuwa nazo.

SWALI: Basi mafunzo haya ya kumhudumia mwenye kiwewe yanazidi nini juu ya yale tuliyoyasoma chuoni?

JIBU: Tumezoea kumtazama mtu mwenye matata na kujiuliza ana kasoro gani. Mwanafunzi anayesinzia darasani huitwa mvivu. Mama anayekosa kliniki huitwa mzembe. Kijana anayefoka huitwa mtovu wa adabu. Mafunzo haya, ambayo wataalamu Maxine Harris na Roger Fallot waliyaandikia msingi wake huko Marekani mwaka 2001, yanamtaka mtumishi ajiulize mtu huyu amepatwa na nini. Lakini hapa ndipo wengi wanapopotea, nami naomba kila asomaye atue kidogo. Swali hilo ni la kukaa moyoni mwa mshauri, si la kutoka kinywani mwake. Linambadilisha yeye, sauti yake, subira yake, na namna anavyoifahamu tabia ya aliye mbele yake. Halimpi idhini ya kumchimba. Mwalimu wa malezi ambaye amehitimu semina siku ya Ijumaa, na Jumatatu akawaita watoto mmoja mmoja ofisini ili wamweleze waliyotendwa, hakulielewa somo hata kidogo. Habari ya mateso ni mali ya aliyeteswa, naye ndiye mwenye hiari ya kuitoa yote, kuitoa nusu, au kuifunga.

SWALI: Lakini sisi wauguzi tumelelewa tukiambiwa kwamba asemaye yote hupata nafuu. Je, si vyema kumsaidia mtu ayatoe mapema?

JIBU: Rai hiyo ina sehemu ya ukweli, na ndiyo maana imedumu. Kusema kunaponya, lakini kunaponya kwa wakati wake na kwa ridhaa ya msemaji. Katika miaka ya 1980 ulienea mtindo wa kuwakusanya watu siku chache tu baada ya ajali au moto na kuwataka, katika kikao kimoja, wasimulie yote waliyoyaona na kuyahisi. Mtindo huo ulianzia kwa wazimamoto na watumishi wa dharura wa Marekani, ukatapakaa ulimwenguni kwa nia njema kabisa. Ulipokuja kupimwa, matokeo yaliwafadhaisha walioupenda: katika uchunguzi mmoja uliofanywa Wales na kutangazwa mwaka 1997, majeruhi wa moto waliosimulishwa hivyo walikutwa baada ya miezi 13 wakiwa na hali mbaya kuliko wenzao wasiosimulishwa. Ndipo mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo kwamba kikao cha namna hiyo kisitumiwe kwa waliopatwa na tukio karibuni, wala dawa za kutuliza za jamii ya benzodiazepini zisitolewe kwa ajili ya kuondoa dalili za mshtuko katika mwezi wa kwanza.

Hayo hayamaanishi kwamba tukae mikono mitupu. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya nafsi uliotolewa mwaka 2011 unatutaka tufanye mambo matatu, nayo ni kutazama, kusikiliza na kuunganisha. Kutazama ni kuhakikisha kwanza kwamba mtu yuko mahali pa salama, kwamba havuji damu, na kujua watoto wake wako wapi. Kusikiliza ni kukaa naye na kupokea anachotaka kukisema, kiwe kingi au kichache. Na kuunganisha ni kumfikisha kwa jamaa zake, kwenye chakula, malazi, matibabu na haki. Judith Herman, tabibu wa Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1992 kwamba kupona kuna daraja zake: amani kwanza, kisha kukumbuka na kuomboleza, kisha kurejea kwa watu. Mwanamke ambaye jioni atarudi katika nyumba ileile anamopigwa hana amani hiyo, na kumtaka akumbuke yote asubuhi ni kumfungua jeraha ilhali hatuna kitambaa cha kulifunga.

Lenye haraka ni moja tu, nalo ni mwili. Aliyebakwa hana budi kuanzishiwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU ndani ya saa 72, na kila saa ipitayo hupunguza faida yake. Kwa hiyo asicheleweshwe kwa ajili ya maelezo marefu. Na maelezo yenyewe hurudiwa mno: mtoto aliyelawitiwa, kwa taratibu zetu, huweza kusimulia polisi anapoandikiwa fomu ya polisi ya PF3, akasimulia tena kwa daktari, na kwa afisa ustawi, na kwa mwendesha mashtaka, kisha mahakamani mbele ya watu wazima asiowajua. Kila mmoja wao anauliza kwa haki ya kazi yake, lakini mtoto ni yuleyule. Vituo vya mkono kwa mkono, ambavyo Tanzania Bara na Zanzibar vimewekwa hospitalini ili polisi, daktari, mshauri na ustawi wakutane na mtu mahali pamoja, vimeletwa ili kupunguza adha hiyo. Mahali ambapo kituo hakijafika, watumishi wenyewe hawazuiwi kukubaliana kwamba wa kwanza aandike vizuri, na wanaofuata wasome kwanza alichoandika, kisha waulize kilichopungua tu.

SWALI: Mimi ni askari wa Dawati. Mlalamikaji ananieleza hivi leo na vile kesho, tarehe zinagongana. Nimwamini vipi?

JIBU: Hofu ya mauti huvuruga mpangilio wa kumbukumbu. Wakati ule akili hushika mambo machache kwa ukali wa ajabu, kama vile rangi ya shati, mlio wa bati au harufu ya pombe, ikaacha saa, tarehe, na lipi lilitangulia lipi. Kwa hiyo kugongana kwa mfuatano peke yake si ushahidi wa uongo. Wala sisemi kuwa ni ushahidi wa ukweli, maana kuupima ukweli kuna hakimu wake. Kazi yako ni kuyapata maelezo yakiwa safi. Mwambie, "Anza popote unapopakumbuka," kisha unyamaze. Muulize alichokiona na alichokisikia kabla ya kumuuliza saa. Usimpe majibu ndani ya swali. Na lile swali la kwa nini hakupiga kelele naliomba lisitamkwe katika kituo chochote, kwa sababu mwili wa mtu aliyetishika sana huweza kuganda, ulimi ukawa mzito na miguu ikakataa, pasipo ridhaa yake yeye mwenyewe.

SWALI: Mtu akizama ghafla katika kumbukumbu zake mbele yangu, anatetemeka, hanisikii, nifanye nini?

JIBU: Acha habari aliyokuwa akiisimulia, hata kama imefika mahali muhimu. Punguza sauti yako, lakini isiwe ya kunong'ona. Mtaje kwa jina, mwambie wewe ni nani, hapa ni wapi, na leo ni siku gani. Mwombe akanyage sakafu kwa miguu miwili na kuisikia ilivyo baridi au moto. Kisha mwombe akutajie vitu vitano anavyoviona chumbani, vinne anavyoweza kuvigusa, sauti tatu anazozisikia, harufu mbili, na ladha moja. Akishindwa kufika mwisho si neno, kwani muradi ni kumrudisha katika saa hii. Pumzi nayo husaidia, kwa sharti kwamba kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, kwa sababu kutoa pumzi polepole ndiko kunakoupunguza mwendo wa moyo. Usimwamuru afumbe macho, maana gizani humo ndimo yalimo yale anayoyakimbia. Usimguse bila kumwomba idhini, hata begani, hata kama ni desturi yetu ya kufarijiana.

Walimu wa madrasa wameniuliza juu ya dhikri na dua. Kwa aliyezizoea ni nguzo kubwa, nami nimeona watu wakitulia kwa tasbihi mkononi kuliko kwa maneno yoyote ya mshauri. Lakini ulizeni kwanza nini humtuliza, wala msimwanzishie. Kwani yumkini aliyemuumiza alikuwa mtu wa dini, na maneno yaleyale yakawa ndiyo mlango wa hofu yake.

SWALI: Sisi si madaktari. Je, kazi hii haituzidi kimo?

JIBU: Ushahidi wa nchi zetu wenyewe unakataa. Katika kambi ya Nakivale nchini Uganda, wakimbizi waliofunzwa wakawa washauri waliwatibu wakimbizi wenzao wa Rwanda na Somalia kwa njia ya masimulizi, ambayo kifaa chake ni kamba inayolazwa sakafuni tangu kuzaliwa hadi leo, yakawekwa maua mahali pa furaha na mawe mahali pa masaibu, kisha mtu akaipitia habari yake kwa mfuatano, taratibu, mpaka tukio lililokuwa likimwandama likakaa katika mwaka wake. Huko Dagoretti, Nairobi, wahudumu wa afya ya jamii waliwasaidia kwa vikao vitano wanawake waliodhulumiwa, na matokeo yakatangazwa mwaka 2017. Katika Kivu, mashariki ya Kongo, wanawake waliobakwa walikutana kwa makundi chini ya wasaidizi wa kijamii, mafundisho yakatolewa kwa mdomo kwa kuwa wengi hawakujua kusoma. Miezi sita baadaye, waliobaki na dalili nzito za sononi au wasiwasi walikuwa 9 kwa 100, na katika wale waliopewa msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja walikuwa 42 kwa 100. Moshi nchini Tanzania na Bungoma nchini Kenya, watoto mayatima 640 walihusishwa katika utafiti wa tiba ya makundi iliyotolewa na washauri wasio madaktari, nayo tiba ikaonyesha faida katika sehemu tatu kati ya nne za utafiti huo. Mwaka mmoja baadaye faida hiyo ilidumu Bungoma, ilhali Moshi watoto waliopewa tiba hiyo na wasiopewa walikuwa wamepata nafuu sawasawa.

Lakini yatazameni masharti. Watu hao hawakuhudhuria semina ya siku mbili wakapewa cheti. Walifunzwa, wakasimamiwa na mjuzi wakati wote wa kazi, na walikuwa na mahali pa kumpeleka anayetaka kujiua au aliyepotewa na fahamu za kweli na ndoto. Semina isiyofuatiwa na usimamizi naihesabu kuwa ni fedha iliyopotea, na pengine ni hatari.

SWALI: Na sisi tunaosikiliza haya kila siku, nani atutazame?

JIBU: Charles Figley, mtaalamu wa kiwewe, aliandika mwaka 1995 juu ya uchovu unaowapata wenye kuhurumia, na dalili zake mnazijua: kuota ndoto za watu wengine, kuwafokea wa nyumbani, kuiona habari ya kusikitisha na kutohisi chochote. Waajiri wetu wengi huliona hili kuwa ni udhaifu wa mtumishi, nami nawalaumu wazi kwa hilo, kwa kuwa aliyepangiwa kesi nzito mfululizo kutoka asubuhi hadi jioni bila saa ya kuzungumza na mkubwa wake wa kazi ameumizwa na ratiba. Dai saa ya usimamizi iandikwe katika ratiba kama inavyoandikwa kliniki, angalau mara moja kila wiki mbili. Changanya kesi. Usikae na siri nzito peke yako. Waweza kumtajia msimamizi jambo bila kumtaja mtu.

SWALI: Ofisi yetu haina fedha. Tuanze na nini?

JIBU: Anzeni na benchi la kungojea. Keti hapo wewe mwenyewe asubuhi nzima, usikie jinsi karani anavyoita jina la mtu na shida yake kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Geuzeni kiti cha mgeni ili auone mlango, wala asiwe na mtu wa kupita nyuma yake. Mwelezeni kila ajaye, kabla hajasema neno, nani atayasoma maelezo yake, ni lipi ambalo sheria haiwaruhusu kulificha, na kwamba anaweza kusimama wakati wowote akaenda zake. Na mkipanga mafunzo, msiwaite wenye shahada peke yao. Mwiteni mlinzi wa getini, na karani, na mama anayefagia, kwa sababu mgeni wenu hukutana na hao kwanza, na wengi wanaorudi nyumbani bila huduma hurudi kabla hawajamfikia mshauri.