Amefaulu Wapi, Ameteleza Wapi? Mbinu za Kupima Riwaya ya Fantasia ya Vijana

“Mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa, kifani na kimaudhui.” Sentensi hii unaweza kuibandika kwenye uhakiki wa kitabu chochote, ndiyo maana haisemi lolote. Riwaya za fantasia ndizo huonewa zaidi: huyu anasifu “ubunifu” tu, yule analalamika kwamba mambo kama hayo hayawezekani. Mzazi anayetaka kujua kama amnunulie mwanawe kitabu hapati msaada kwa yeyote kati yao.

Tutumie mfano mmoja, The Lion, the Witch and the Wardrobe cha C. S. Lewis, kilichotoka Uingereza mwaka 1950. Peter, Susan, Edmund na Lucy wanaondolewa London kwa sababu ya mabomu ya vita na kupelekwa kwa profesa mmoja shamba. Humo nyumbani mna kabati la nguo, na ndani ya kabati mna njia ya kwenda Narnia, nchi ambayo Mchawi Mweupe ameifungia katika baridi isiyokwisha.

1. Orodhesha sheria za ulimwengu ule

Usiulize kama jambo linawezekana kwetu; uliza kama linawezekana kwao. Kila unapokutana na sheria ya uchawi, iandike pamoja na ukurasa wake. Halafu angalia: msomaji aliijua kabla haijahitajika, au ilizuka mwandishi alipobanwa?

Lewis anaweka mapema sheria kwamba kabati halimfungukii mtu kila anapotaka. Lucy anarudi na habari za Narnia, ndugu zake wanakwenda kuangalia, wanagonga mbao tupu. Taharuki imezaliwa hapo hapo, kwani msema kweli ameonekana mwongo. Mwishoni mambo ni tofauti. Simba Aslan anakubali kuuawa badala ya Edmund, aliyewasaliti ndugu zake, kisha anafufuka kwa uchawi wa kale zaidi ambao tunaelezwa habari zake baada ya yeye kuwa hai tena. Msomaji aliyelelewa na kisa cha Yesu atautambua mwangwi wake na kuridhika. Asiyekijua ana haki ya kuhisi kwamba sheria imeletwa dakika ya mwisho. Andika yote mawili.

2. Tafuta mhusika anataka nini

Joka na jeshi havimshiki kijana kama hamu anayoijua mwenyewe. Edmund anawasaliti ndugu zake kwa ajili ya peremende laini za Turkish Delight anazopewa na mchawi. Kwa watoto wa Uingereza wa wakati ule halikuwa jambo dogo: peremende zilikuwa za mgao hadi mwaka 1953. Tazama tukio lenyewe. Mwanzoni Edmund anakumbuka kwamba kusema huku mdomo umejaa ni utovu wa adabu. Punde anasahau, anatafuna na kujibu kila anachoulizwa, kwamba ana kaka mmoja na dada wawili, na kwamba dada mmoja amekwisha kufika Narnia. Hakuna aliyetangaza kuwa mtoto huyu ni mbaya. Usaliti umeingia tonge kwa tonge. Hapa mwandishi amefaulu, na ushahidi unao mkononi.

3. Angalia nani anatenda

Kasoro ya kawaida ya riwaya hizi ni watoto kubeba jina la mashujaa huku watu wazima wakimaliza kazi. Edmund ndiye anayeivunja fimbo ya mchawi vitani, lakini hatumwoni akiivunja. Tunasimuliwa na Peter baadaye. Tendo kubwa la toba yake limepita nyuma ya pazia. Wasichana nao wanapewa silaha, Susan upinde na Lucy jambia, kisha wanaambiwa vita si mahali pao. Unaweza kueleza kwamba ndivyo walivyofikiri wengi wakati ule, lakini maelezo hayaifuti kasoro.

4. Msikilize msomaji mwenyewe

Mpe kijana kitabu, au msomee kwa sauti, na uangalie anapochoka na anapokataa kulala. Hatakwambia kwamba mandhari yamekosa mshikamano. Atauliza Father Christmas, yule mzee wa zawadi za Krismasi, amefuata nini Narnia, na atakuwa amesema jambo lile lile.

5. Andika hukumu yenye mgongo

Kila sifa na kila kasoro iwe na vitu vitatu: tukio, athari yake, na msomaji inayemgusa. Badala ya “wahusika wamechorwa vizuri”, andika: “Edmund anaaminika kwa sababu anaanguka kidogo kidogo, na mtoto aliyewahi kumwonea kaka yake wivu atajiona ndani yake.” Usilazimishe mizani pia, si lazima sifa tatu zikutane na kasoro tatu. Kama kasoro moja inavunja kitabu, sema inakivunja. Kama haikivunji, sema kwa nini.

Kwa kitabu hiki mimi ningeandika hivi: kinamfaa mtoto wa miaka 9 hadi 12, hasa kwa sura za Edmund na mchawi, asome na mtu mzima karibu, ili wakifika kwenye ufufuko wa Aslan na zile silaha za wasichana, wabishane.