Mdogo Wangu Ana Mabafu Matatu, Mimi Nimepanga

Mwanangu, Mama Wawili wa Berlin,

Barua yako nimeisoma, na kuna mahali imenichekesha. Mlipohamia ulimtumia mama video ya nyumba, akaona jikoni hamna kabati wala sinki, akawapigia wajomba wote wa Tanga kuwaarifu kwamba mmeibiwa. Ungemweleza vipi kwamba huko mpangaji mara nyingi huhama na jiko lake, akaacha mabomba yanachungulia ukutani?

Mengine hayachekeshi. Mdogo wako yuko Arlington, Texas, kwenye nyumba ya vyumba vinne, mabafu matatu na gereji ya magari mawili. Nyinyi mmepanga vyumba viwili na sebule, ghorofa ya nne, lifti hamna. Kila wiki picha za Texas zinaingia kwenye kundi la familia, na kila wiki mama anauliza wewe utanunua lini. Baba watoto naye sasa wimbo wake ni Marekani tu. Unataka nikwambie kama mlikosea nchi.

Hamkukosea. Picha zile zinaonyesha ukubwa, na Marekani ukubwa ndio kitu chepesi kupata. Wastani wa nyumba mpya kule huzidi mita za mraba 200, wakati wastani wa makazi Ujerumani ni kidogo zaidi ya 90. Ardhi ni tele, kuta ni fremu za mbao na jipsamu, nyumba inasimama kwa miezi michache. Serikali nayo ilisukuma: mwaka 1934 ilianza kudhamini mikopo ya nyumba, mwaka 1944 ikawaongezea askari waliotoka vitani, na mwaka 1956 ikaanza kumwaga fedha kwenye barabara kuu zilizowatoa watu mijini kwenda kuishi pembezoni. Watu weusi walifungiwa nje ya mikopo hiyo kwa miongo kadhaa, ingawa hilo halionekani kwenye picha za gereji.

Berlin ina historia yake. Huko zaidi ya kaya nane katika kila kumi zimepanga, zikiwemo za madaktari na mawakili. Mikataba mingi haina tarehe ya mwisho, na mwenye nyumba hakutoi bila sababu inayokubalika kisheria. Kwetu aliyepanga huonekana bado anahangaika, ndiyo maana mama anakuhurumia. Jirani yako Mjerumani anaweza kuzeekea kwenye nyumba ya kupanga na asione kasoro yoyote.

Sasa mpigie mdogo wako, muda ambao mama hayupo kwenye laini, umuulize kwa upole mwezi wake unakwendaje. Mkopo wa nyumba kule kwa kawaida ni wa miaka 30. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, lakini kodi ya nyumba inaweza kukaribia asilimia 2 ya thamani kila mwaka, maana yake nyumba ya dola 350,000 inaweza kudai dola 7,000 hata mkopo ukiisha. Kuna bima, kuna kiyoyozi kisicholala kiangazi kizima, na mitaa mingi ina chama cha wenye nyumba kinachoweza kukutoza faini kwa sababu nyasi zako zimerefuka. Arlington ina watu karibu laki nne na haina mtandao wa mabasi ya kawaida, kwa hiyo yale magari mawili si anasa: bila gari hakuna kazi, hakuna shule, hakuna maziwa. Sisemi mdogo wako anawadanganya. Nani anapiga picha bili?

Wewe una chekechea ambayo Berlin iliifutia ada mwaka 2018, posho ya watoto ya euro 255 kwa kila mtoto kila mwezi kwa kiwango cha 2025, na likizo yenye malipo ambayo sheria haikubali ipungue siku 20 za kazi kwa mwaka. Marekani hakuna sheria ya taifa inayomlazimu mwajiri kukupa hata siku moja yenye malipo. Baba watoto alihesabu mabafu; mwambie na haya ayahesabu. Tena wewe ni muuguzi: kule kuna mtihani wa leseni na foleni ya viza ambayo huweza kula miaka.

Malalamiko yako ya wageni, hayo siyadharau. Umesema Idi iliyopita mliketi watu kumi na moja kwenye sebule ile, na saa nne kamili usiku, saa za utulivu zilipoanza, jirani wa chini akagonga dari. Hapo Texas inakushinda, na sitakudanganya. Mdogo wako anaweka sufuria la pilau uani, watoto wanapiga kelele mpaka wachoke, hakuna wa kugonga. Mtu aliyelelewa kwenye nyumba isiyofungwa mlango ana haki ya kuitamani hali hiyo.

Ila huhitaji kuvuka bahari kwa ajili ya ua. Jiandikisheni kwa zile bustani za kupanga ambazo Wajerumani huziita Kleingarten. Berlin ina karibu 70,000. Kwa kawaida kiwanja hakizidi mita za mraba 400, kibanda mwisho mita za mraba 24, kuishi humo hakuruhusiwi, na theluthi moja yapaswa kulimwa mboga na matunda. Mchicha, basi. Foleni ni ndefu, ndiyo maana nasema jiandikisheni mwezi huu. Bustanini nako kuna saa za utulivu. Idi ifanyeni mchana.

Baba watoto akishikilia, nendeni Arlington likizo ya Agosti, mkae wiki mbili kwa mdogo wako bila kukodi gari. Akirudi bado anaitaka Texas, mpangie hesabu kwa heshima, maana atakuwa ameiona.

Na usinunue nyumba ili tu mama apate chumba akija kuwatembelea. Viza ya matembezi ya Schengen itampa si zaidi ya siku 90 katika kila siku 180. Kwa muda huo atalala chumba cha watoto, na wao watafurahia godoro la sebuleni. Aje Mei, baridi imepungua. Habari za ngazi mwambie kabla hajakata tiketi.

Wako,
Shangazi