Mbwa wa Pili au Akiba ya Dharura? Piga Hesabu Kwanza

Jirani amekupigia simu: mbwa wake amezaa watoto sita na mmoja ni wako ukimtaka, bure kabisa. Tayari uko na mbwa mmoja, anabweka vizuri, lakini juzi wezi waliruka fensi kwa nyumba ya tatu wakaondoka na kuku wote. Watoto wako nao wameshampa huyo mgeni jina kabla hajafika. Unafungua simu, unaangalia akiba yako ya dharura, unajiambia: mbwa mmoja zaidi, atakula nini cha maana?

Hatuko hapa kukuambia usifuge mbwa. Wengine wetu tunao, na tunawapenda kuliko baadhi ya mashemeji. Tunachotaka ni ujue huyo mbwa wa bure anagusa akiba yako wapi, kwa sababu si pale watu wengi wanapoangalia.

Tuchukue mfano wa familia moja Ruiru. Namba hizi ni za mfano tu, wewe weka zako. Matumizi ya nyumba ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Wanataka akiba ya dharura ya miezi mitatu, yaani 90,000. Wameshafika 41,000, na kila mwezi wanaweka 4,000. Bado 49,000, kwa hivyo watamaliza baada ya mwaka mmoja na kitu kidogo.

Sasa mbwa wa pili anaingia. Unga, omena, mifupa ya buchari, tuseme shilingi 80 kwa siku. Hiyo ni 2,400 kwa mwezi. Kama mapato hayajaongezeka, hiyo pesa inatoka kwa ile 4,000 ya akiba, inabaki 1,600. Halafu kuna kitu ambacho wengi husahau: matumizi ya nyumba yakipanda, akiba ya miezi mitatu nayo lazima ipande. Lengo si 90,000 tena, ni 97,200. Gawanya kilichobaki, 56,200, kwa 1,600 na utapata miezi 35. Safari ya mwaka mmoja imekuwa karibu miaka mitatu, na hatujahesabu chanjo, dawa ya minyoo wala kumfunga uzazi.

Mbwa wawili hawaugui kwa zamu

Ukisikia watu wakisema "mbwa akiugua tutaona vile tutafanya", wanafikiria mbwa mmoja mgonjwa, siku moja, kwa bahati mbaya. Lakini mbwa wanaoishi boma moja wanashiriki kila kitu. Kupe wanahama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Virusi vya parvo, vinavyoleta kutapika na kuhara damu, vinaweza kukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo zake akivileta nyumbani, na yule mkubwa chanjo yake ilishasahaulika, una wagonjwa wawili. Matibabu ni ya kuwekewa maji kwa mshipa, siku kadhaa, na daktari wa mifugo anataka kulipwa kwa kila mmoja. Hata ile nyama yenye sumu ambayo wezi hurusha ndani ya boma, wote wawili wataila.

Kwa hivyo mbwa wa pili anafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: anapunguza kasi ya akiba na anaongeza ukubwa wa dharura. Hapo ndipo mtu anajikuta saa nne usiku akikopa kwa simu kulipa daktari, wiki ile ile ambayo karo inadaiwa.

Kuna dharura nyingine ambayo hatutaki uibane hata senti: kichaa cha mbwa. Chanjo ya kwanza hupewa mbwa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Baadhi ya kaunti huchanja bure, hasa karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa hivyo uliza ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe. Mtu akiumwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Chanjo ya binadamu ni dozi kadhaa kwa wiki kadhaa, na kila dozi ina nauli yake. Usingoje dalili. Zikishaonekana, karibu kila mara mgonjwa hufa.

Mfuge kwa simu kwanza

Tunapendekeza jaribio moja. Kwa siku 90, mlishe huyo mbwa kabla hajaja. Kila siku weka shilingi 80 kwenye akiba, kando na ile 4,000 yako ya kawaida. Kama akaunti yako inakatwa ada kila ukiweka, weka 560 mara moja kwa wiki. Baada ya siku 90 utakuwa na 7,200, na hiyo ndiyo ile ile nyongeza ambayo lengo lako lilikuwa linahitaji. Ukimaliza bila kuruka wiki na bila kukopa, basi bajeti yako inamweza. Ukishindwa wiki ya tano, hakuna mbwa atakayelala njaa na pesa bado ni yako.

Kama sababu yako ni usalama, angalia kwanza huyu uliye naye analala wapi. Mbwa aliyefungwa mnyororo nyuma ya jikoni hawezi kulinda geti, hata mkiwa nao watatu. Kumfungua usiku, kuziba pale fensi imelala na kuweka taa ya sola ni gharama ya mara moja. Taa haili omena.

Na jirani akikuambia amua leo, watoto wanaisha, usibabaike. Mimba ya mbwa ni kama siku 63, na jike asiyefungwa uzazi huingia joto karibu kila miezi sita. Ukimaliza siku zako 90, kuna uwezekano mkubwa atakupigia tena.