Bakuli Linaloliwa: Maswali Kutoka Ibaba

Nilikaa asubuhi nzima uani, Ibaba wilayani Ileje, na kikundi cha akina mama na mabinti wanaouza maandazi na skonzi siku za gulio. Walisikia kwamba kuna watu wanaooka vijiko na sahani za kuliwa, wakataka kujua kama ni kweli na kama wao wanaweza. Nimezaliwa milimani hukohuko na nimeoka mikate Tunduma kwa miaka mingi, ndiyo maana wananiita Shangazi.

Shangazi, shikamoo. Hivi kweli mtu anaweza kula bakuli?

Marahaba, mwanangu. Umeshalila mara nyingi. Koni ya aisikrimu ni nini kama si kikombe kinacholiwa? Mwaka 1903 Italo Marchiony, Mwitaliano aliyekuwa akiuza aisikrimu New York, alipata hataza ya kalibu ya kuokea vikombe vya namna hiyo, na mwaka uliofuata koni zikapendwa na umati kwenye maonyesho makubwa ya St. Louis, Marekani. Ethiopia, injera hutandazwa kwenye sinia, mchuzi ukamwagwa juu yake, na mlo ukiisha sahani nayo imekwisha. Ulaya ya zamani walikata mkate mkavu mnene wakaweka nyama juu yake.

Lakini msiende mbali hivyo. Chukua tonge la ugali, litoboe kwa dole gumba. Hicho ni kijiko tayari. Kinachota mboga, kinaingia nacho kinywani, na hakuna cha kuosha. Kwa hiyo mtu asije kuwaambia hapa kwamba jambo hili ni geni. Kilicho kigeni ni kuoka tu, ili kijiko kikae wiki kadhaa na kiuzwe.

Nani anatengeneza kwa biashara?

Nitawatajia wawili, kwa sababu kila mmoja ana la kutufundisha. Narayana Peesapaty wa Hyderabad, India, alikuwa mtafiti wa maji ya ardhini. Aliona visima vinakauka kwa sababu wakulima wameacha mtama na kukimbilia mpunga, unaokunywa maji mengi. Akatafuta njia ya kuufanya mtama utakiwe tena, na mwaka 2010 akaanzisha kampuni ya Bakeys kuoka vijiko vya unga wa mtama, mchele na ngano. Angalieni alikoanzia: shambani, kwenye zao lililodharauliwa.

Wa pili ni Jerzy Wysocki wa Poland. Familia yake ilikuwa ya wasaga nafaka, na pumba za ngano zilikuwa zikibaki nyingi. Akazigandamiza kwa joto hadi zikawa sahani ngumu. Kampuni yao inaitwa Biotrem, nayo inasema sahani ikitupwa huoza ndani ya siku 30 hivi. Kwa kweli ile inaweza kutafunwa, lakini sidhani kama kuna anayeifurahia. Mimi napenda zaidi njia ya Peesapaty, kwa sababu kijiko chake kilianza kama chakula.

Hapa kwetu tutumie unga gani?

Ulezi, na ngano kidogo ya kuushika. Ngano ina gluteni, ule utando unaovutika ukikanda, ndio unaofanya mkate uinuke na chapati isikatike. Ulezi, mtama na mahindi hazina utando huo. Ukitengeneza kijiko cha ulezi mtupu, kitakatika shingoni. Ukitumia ngano tupu, unga unajikunja ukiwa jikoni na kijiko kinapinda.

Mimi napima vikombe viwili vya ulezi kwa kimoja cha ngano, chumvi kidogo, kijiko kimoja cha mafuta, na maji ya moto kidogokidogo mpaka donge liwe gumu kuliko la chapati. Hamira usiweke kabisa. Funika donge nusu saa, lisukume liwe na unene wa sarafu mbili, kisha likandamize juu ya kijiko cha chuma kilichopakwa mafuta. Kwa bakuli, pindua kikombe cha bati ukivishe unga kwa nje. Ukitaka ladha, ongeza tangawizi, iliki, au majani ya kitunguu yaliyokaushwa. Msione haya kuongeza ladha. Bakuli lisilo tamu litaachwa mezani, na hapo hatujafanya chochote.

Tulishajaribu kabla hujaja, Shangazi. Mabakuli yalitoka magumu vizuri, lakini asubuhi yalikuwa malegevu kama chapati ya jana. Tulikosea wapi?

Hamkukosea kwenye unga, mlikosea kwenye kukausha. Nami nilipoteza sinia nzima ya kwanza kwa kosa hilohilo, sina sababu ya kuwaficha.

Kitu kilichookwa mara moja hubaki na maji katikati hata kama ganda lake linagonga. Ukikiacha, maji ya ndani yanasogea nje taratibu, na ganda linalegea. Biskuti ilipata jina lake huko Ulaya kwa sababu iliokwa mara mbili: jina lenyewe linatokana na maneno ya Kilatini yenye maana hiyo. Kwa hiyo oka kwanza kwa moto wa wastani mpaka rangi ibadilike, acha ipoe kabisa, kisha irudishe kwenye moto mdogo sana kwa saa nzima au zaidi. Ivunje moja ujaribu. Ikilia kavu mpaka katikati, imekubali. Ikipinda kabla ya kuvunjika, rudisha.

Halafu kuna hali ya hewa yetu. Ibaba ukungu unashuka asubuhi na kuingia hata kabatini, na wanga mkavu hunyonya unyevu wa hewa kama chumvi inavyofanya. Bakuli likipoa tu, lifungie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Nikioka Tunduma sinia inaweza kukaa mezani mpaka jioni. Huku msithubutu.

Na mchuzi? Bakuli linavuja mchuzi.

Mchuzi mwepesi wa moto utalishinda bakuli lolote la unga. Bakeys wenyewe walisema kijiko chao huvumilia takriban dakika 20 kwenye kitu cha moto. Watengeneza aisikrimu wa Napoli waliliona tatizo hili, na mwaka 1959 wakapaka ndani ya koni mafuta, sukari na chokoleti ili isilowe. Sisi tunaweza kupaka ute wa yai uliopigwa, halafu bakuli lirudi motoni dakika chache utando ukauke. Inasaidia, ila haifanyi muujiza. Wekeni maharage mazito, chipsi, kachumbari iliyochujwa, vipande vya matunda. Supu mwacheni mteja anywe kwenye bakuli la udongo au la bati.

Hatuna oveni.

Mkaa juu na chini unatosha. Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, sinia juu ya mchanga, mfuniko wa bati, makaa machache juu yake. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, la sivyo tumbo la bakuli litaungua huku mdomo mbichi. Ile saa ya kukausha, tumieni joto linalobaki baada ya skonzi kutoka. Msiwashe mkaa mpya kwa ajili yake, mtakula faida yote.

Mabakuli yakiota ukungu tukayarudisha motoni, yanafaa?

Hapana. Hapa sitaki mzaha wala huruma ya unga. Sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu, haiharibiki kwa moto wa jikoni. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kagueni nafaka kabla haijaenda mashineni, kwa sababu ikishakuwa unga macho hayaoni tena. Mahindi na karanga ndizo za kuogopwa zaidi. Kilichoota ukungu kifukieni, na msiwape kuku.

Nani atanunua? Kisahani cha plastiki ni bei ya kutupa.

Swali hili ndilo gumu, binti yangu, na sitakudanganya. Kwa bei hamtakishinda kisahani cha plastiki. Tangu tarehe 1 Juni 2019 rambo zimepigwa marufuku nchini, lakini marufuku ile ilikuwa ya mifuko ya kubebea. Vijiko na visahani vya plastiki bado viko mitaani. Pale Tunduma, malori yanapongoja kuvuka kwenda Nakonde, dereva anakula chipsi amesimama na kutupa kilichobaki mtaroni. Mvua ikija, mtaro umeziba.

Kwa hiyo msiuze chombo. Uzeni mlo. Dereva hanunui bakuli halafu chipsi. Ananunua chipsi zenye kitafunwa cha ulezi chini yake, kilichonyonya chumvi na pilipili, na anakimalizia na chai. Hapo bei ya bakuli inalinganishwa na andazi, si na plastiki, na kwa andazi mnaweza kushindana. Anzeni na sherehe: harusi, ubatizo, mahafali ya shule. Idadi ya wageni inajulikana, mnaoka kwa oda, hakuna kinacholala.

Tukitaka kuuza dukani?

Hapo mtahitaji kusajili eneo la kuokea na bidhaa yenyewe kwa shirika la viwango, TBS, ambao ndio wamebeba kazi ya usalama wa chakula tangu 2019. Anzeni na shirika la viwanda vidogo, SIDO, wamezoea kuwaongoza wajasiriamali wadogo katika njia hiyo. Ila kwanza okeni sinia kumi zinazofanana. Kwa sasa kila sinia yenu ina unene wake.

Na asiyetaka kula bakuli lake?

Kama halijaota ukungu, mbuzi watalipokea. Lakini yahesabuni yanayorudi mezani, kila sherehe. Yakirudi mengi, msiongeze matangazo, ongezeni iliki.