SOMO LA MAKATIBU: MANENO YA SHERIA KATIKA BARUA ZA MADAI YA BIMA

Kusudi la somo: Baada ya kulisoma na kulijadili somo hili, katibu na wajumbe wa kamati waweze kueleza kwa nini barua ya madai ya bima hubeba maneno yaliyowekwa na sheria, jinsi kompyuta inavyotumiwa kuyapanga, na ni wapi binadamu hapaswi kuiachia mashine kazi yake.

Utangulizi

Barua ya kumnyima mtu fidia huwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza humweleza sababu za kukataliwa. Sehemu ya pili ni aya ya mwisho, ambayo wengi huipita bila kuisoma. Katika aya hiyo mdai huelezwa ni ofisi gani ya serikali anayoweza kuiendea iwapo hakuridhika. Aya hiyo ikikosekana, au ikitaja ofisi isiyohusika, mdai hufungiwa mlango bila yeye kujua kwamba mlango ulikuwapo.

Mfano wa somo hili umechukuliwa Marekani, kwa sababu huko ugumu wa jambo hili unaonekana waziwazi. Nchi ni moja, lakini majimbo ni 50, na kila jimbo lina sheria zake za bima.

1. Chanzo cha tofauti za majimbo

Mwaka 1869 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika shauri la Paul dhidi ya Virginia, kwamba bima si biashara baina ya majimbo. Kwa hiyo usimamizi wake ulibaki mikononi mwa majimbo. Mwaka 1944 Mahakama hiyo iligeuza msimamo wake katika shauri la South-Eastern Underwriters. Mwaka uliofuata, 1945, Bunge la nchi hiyo lilipitisha Sheria ya McCarran-Ferguson, ambayo iliyathibitishia majimbo mamlaka yao juu ya bima.

Makamishna wa bima wa majimbo wana chama chao, NAIC, kilichoanzishwa mwaka 1871. Chama hicho hutunga sheria za mfano, lakini hazina nguvu mpaka jimbo lizikubali, na kila jimbo laweza kuongeza au kupunguza. Kwa sababu hiyo, kampuni moja yenye wateja katika majimbo 20 haiwezi kutumia barua ya namna moja kwa wateja wake wote.

2. Aina mbili za maneno

Makarani wengi huyachanganya maneno haya, ilhali kazi zake ni mbalimbali.

(a) Onyo dhidi ya udanganyifu. Hili huwekwa hasa katika fomu za madai. Onyo la California husema kwamba mtu anayewasilisha kwa makusudi dai la uongo ana hatia ya jinai, na aweza kutozwa faini na kufungwa. Onyo la Florida hulitaja kosa hilo kuwa jinai kubwa ya daraja la tatu. Onyo la New York huongeza kwamba mkosaji aweza kutozwa adhabu ya hadi dola 5,000 pamoja na thamani ya dai lenyewe.

(b) Taarifa ya haki. Hii huwekwa katika barua ya kukataa dai. Kanuni za California huipa kampuni siku 40, tangu kupokea uthibitisho wa dai, kulikubali au kulikataa. Ikilikataa lote au sehemu yake, ni lazima itoe sababu kwa maandishi, na barua imweleze mdai kwamba aweza kuomba Idara ya Bima ya jimbo ilichunguze jambo lake, pamoja na anwani na simu ya Idara hiyo. Illinois na New York nazo huagiza taarifa za namna hiyo, kila moja kwa maneno yake.

Kwa ufupi, onyo humlinda mlipaji, na taarifa humlinda mdai. Kampuni iliyo makini kuchapa onyo na kusahau taarifa imejilinda yenyewe na kumwacha mteja wake.

3. Jinsi kompyuta inavyofanya kazi hii

Zamani karani alikuwa na jalada lenye kurasa za kila jimbo, akanakili kwa taipureta aya iliyohitajika. Siku hizi aya hizo huwekwa katika jedwali ndani ya kompyuta. Barua inapotayarishwa, programu huuliza maswali manne: Dai hili liko chini ya sheria ya jimbo gani? Bima ni ya aina gani, ya nyumba, gari, afya au maisha? Barua ni ya nini, ya kupokea dai, ya kuomba muda, au ya kukataa? Na barua ni ya tarehe gani? Majibu manne yakikamilika, programu huitafuta aya yake na kuichapa mahali pake.

Faida yake ni kubwa. Kazi huenda upesi, na aya haisahauliki kwa sababu karani alichoka jioni. Lakini mashine hurudia kosa kwa uaminifu uleule inaorudia usahihi. Karani akikosea, barua moja huharibika. Jedwali likikosewa, barua zote za jimbo zima huharibika.

4. Makosa matatu ya kuangaliwa

Kosa la kwanza ni kuchagua jimbo kwa kutazama bahasha. Tuchukue mfano wa kubuni. Mkulima anakaa Indiana, na ghala lake la mahindi liko ng'ambo ya mpaka, Illinois, ambako lilikatiwa bima. Ghala linaungua, dai linakataliwa. Programu inasoma anwani ya posta ya mkulima na kuchapa aya ya Indiana. Mkulima anaandika huko, anasubiri, kisha anajibiwa kwamba shauri lake si la ofisi hiyo. Wakati huohuo siku zinahesabika, kwa kuwa mikataba mingi ya bima huweka ukomo wa muda wa kwenda mahakamani. Ghala limekwisha kuungua, na sasa muda nao unateketea. Jimbo linalohusika lazima litokane na sheria na mkataba wenyewe, wala si na anwani ya posta.

Kosa la pili ni maneno yaliyopitwa na wakati. Mwezi wa Oktoba 2011 Idara ya Bima ya New York iliunganishwa na Idara ya Mabenki, ikazaliwa Idara ya Huduma za Fedha. Barua iliyoendelea kumwelekeza mdai kwenye ofisi ya zamani ilikuwa na sura ya ukamilifu tu. Vivyo hivyo, sheria iliyopitishwa Florida mwezi wa Desemba 2022 ilipunguza muda wa kulipa au kukataa madai ya bima ya mali kutoka siku 90 hadi 60.

Kosa la tatu ni kuiacha programu ichape aya ya jumla pale isipoiona aya inayohusika. Barua huonekana nzuri, hakuna anayeshtuka, na upungufu hugunduliwa mkaguzi anapofika.

5. Utaratibu ulio salama

(i) Kila aya iandikwe pamoja na jimbo lake, kifungu cha sheria, tarehe ya kuanza na tarehe ya kukoma.
(ii) Aya isiingizwe wala kubadilishwa na mtu mmoja peke yake. Mmoja aandike, mwingine mwenye ujuzi wa sheria aidhinishe.
(iii) Aya isipopatikana, programu isimamishe barua na kumwita karani.
(iv) Maneno ya sheria yanakiliwe kama yalivyo. Programu za siku hizi zinazoweza kutunga maandishi zenyewe zisiruhusiwe kuyapamba wala kuyafupisha.
(v) Nakala ya barua kama ilivyotumwa ihifadhiwe, maana jedwali la leo haliwezi kuthibitisha kilichoandikwa mwaka jana.
(vi) Jedwali lote lipitiwe kwa vipindi vilivyopangwa, na tena kila sheria inapobadilika.

6. Funzo kwa vyama vyetu

Chama kilichokata bima ya ghala au ya gari huenda siku moja kikapokea barua ya kukataliwa. Katibu aisome mpaka mwisho, aandike tarehe aliyoipokea, na kuipeleka mbele ya kamati bila kuchelewa. Kwa Tanzania, Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliweka huduma ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Barua kutomtaja Msuluhishi si sababu ya chama kukata tamaa.

Tena vyama vyenyewe huandika barua za kukataa. Mwanachama hunyimwa mkopo, au hukatwa fedha katika malipo ya mazao yake. Je, barua humweleza sababu, na kikao anachoweza kukiendea kwa mujibu wa masharti ya chama? Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki isiyotajwa katika barua hupotea vivyo hivyo.

Maswali ya majadiliano

1. Eleza tofauti kati ya onyo dhidi ya udanganyifu na taarifa ya haki. Kila moja humlinda nani?
2. Kwa nini anwani ya posta haitoshi kuamua sheria inayohusika?
3. Chukueni barua tatu za kukataa zilizoandikwa na chama chenu. Ni ngapi zilizomwonyesha mwanachama mahali pa kukata rufani?
4. Nani katika chama chenu ana wajibu wa kusahihisha barua za mfano masharti yanapobadilishwa? Kama hayupo, kamati imteue katika kikao kijacho.