Kuchagua Kodeki ya Video: Ya Kuhariri Si ya Kugawa

Utangulizi

Mtu aliyerekodi mazungumzo ya saa moja na wazee wake, kisha akayahariri, akayahifadhi na kuyahariri tena, huweza kushangaa kuona nyuso zimeingia madoa ya mraba na anga limefanya michirizi. Kamera haikukosea, wala kompyuta haikuharibika. Kosa ni kutumia kodeki moja kwa kazi mbili zisizofanana. Na kwa kuwa wazee hao huenda hawapo tena wa kurekodiwa upya, jambo hili si la mafundi peke yao. Katika somo hili tutaeleza kodeki ni nini, hufanyaje kazi, na ni ipi ifaayo katika kila hatua.

Kwa nini video hubanwa

Picha moja ya video ya ubora wa juu, yaani HD, ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Jumla yake ni nukta 2,073,600. Kila nukta ikiandikwa kwa baiti 3, moja kwa kila rangi ya msingi, picha hiyo huchukua baiti 6,220,800. Kwa kasi ya picha 25 kwa sekunde, saa moja huhitaji gigabaiti 560 hivi. Mzigo huo ni mkubwa mno kwa kamera ndogo kuuandika, seuze mtandao kuubeba.

Kodeki ni utaratibu wa kuiandika video kwa data chache na kuisoma tena. Isichanganywe na MP4 au MOV. Hayo ni makasha tu, ambayo ndani yake hukaa picha, sauti na taarifa za wakati. Makasha mawili yenye jina moja huweza kubeba kodeki tofauti. Ndiyo sababu faili moja la MP4 hufunguka katika kompyuta fulani na jingine likakataa.

Njia tatu za kubana

Ya kwanza ni kupunguza rangi. Jicho la mwanadamu hutambua tofauti za mwanga na giza vizuri zaidi kuliko tofauti za rangi. Kwa hiyo kodeki hutunza mwangaza wa kila nukta, lakini hupunguza vipimo vya rangi. Katika mpangilio uitwao 4:2:2, nukta mbili jirani hushirikiana rangi. Katika 4:2:0 hushirikiana nukta nne. Mpangilio huu wa pili peke yake huondoa nusu ya data.

Ya pili ni kubana ndani ya picha. Mwaka 1974, Nasir Ahmed, T. Natarajan na K. R. Rao walichapisha kanuni ya hisabati ya kugeuza thamani za nukta kuwa jumla ya mawimbi ya kosaini. Sehemu kubwa ya picha huelezwa na mawimbi machache mapana. Yale membamba, yanayobeba vijipande vidogo, hukadiriwa tu au hutupwa. Kodeki nyingi za leo zimejengwa juu ya kanuni hiyo. Yafaa ikumbukwe kuwa kilichotupwa hakirudi.

Ya tatu ni kubana baina ya picha. Tuchukue mfano wa barua isemayo: "Mambo ni kama nilivyoandika jana, ila mgonjwa sasa ameketi." Barua hiyo ni fupi, lakini asiyeisoma ya jana hawezi kuielewa. Hali kadhalika, kodeki huandika picha moja kamili, kisha picha kadhaa zinazotaja mabadiliko tu.

Kodeki ya kuhariri

H.264 ya mwaka 2003, H.265 ya mwaka 2013 na AV1 ya mwaka 2018 hutumia njia zote tatu, na kwa hiyo hutoa mafaili madogo. Lakini mhariri huruka huku na huku na kukata popote. Kila arukapo, kompyuta hulazimika kurudi kwenye picha kamili iliyotangulia na kuzijenga upya zilizofuata. Kazi huwa nzito na picha hukwama.

Kwa sababu hiyo ziliundwa kodeki kama DNxHD ya kampuni ya Avid, na ProRes ya kampuni ya Apple iliyotoka mwaka 2007. Humo kila picha hujitegemea, na mpangilio wa 4:2:2 hutunza rangi zaidi. Aina ya ProRes 422 huweza kutunza biti 10 kwa kila kipimo, yaani ngazi 1024 badala ya 256 za biti 8. Ngazi hizo ndizo zinazozuia michirizi angani mhariri anaporekebisha mwangaza. Gharama yake ni ukubwa, kama inavyoonekana hapa kwa saa moja ya video:

- Isiyobanwa: gigabaiti 560
- Ya kuhariri, megabiti 120 kwa sekunde: gigabaiti 54
- Ya kamera, megabiti 24 kwa sekunde: gigabaiti 10.8
- Ya kugawa, megabiti 8 kwa sekunde: gigabaiti 3.6

Msomaji aweza kukokotoa mwenyewe: zidisha megabiti kwa 3600, gawanya kwa 8, kisha kwa 1000.

Ieleweke kwamba kugeuza video ya kamera kuwa ProRes hakuongezi ubora usiokuwapo. Hupunguza tu hasara ya mbele na kurahisisha kazi. Mwenye diski ndogo na ahariri kwa nakala nyepesi za muda, kisha programu irejee kwenye video asilia wakati wa kutoa kazi iliyokamilika.

Kodeki ya kugawa

Hapa anayeamua ni mpokeaji. H.264 husomwa na karibu kila simu na kompyuta. Kwa hiyo ndiyo salama kwa watu wengi. H.265 huweza kutoa ubora unaokaribiana kwa nusu ya data, lakini vifaa vya zamani huikataa. AV1 imekusudiwa kutumika bila malipo ya leseni, ila uandishi wake huhitaji kompyuta yenye nguvu au subira. Mtu aliyeketi hutosheka na biti chache. Mvua, majani yapeperukayo na ngoma huhitaji nyingi.

Tahadhari: programu nyingi za kutumiana ujumbe huibana video upya. Kilichopokelewa kwa njia hiyo kisifanywe nakala ya kuhifadhi.

Muhtasari

Tunza mafaili matatu: video asilia kama ilivyotoka kwenye kamera, kazi iliyohaririwa katika kodeki ya kuhariri, na nakala ya kugawa. Ikibidi kufuta, futa ya kugawa, maana hiyo hutengenezwa tena wakati wowote. Ya asilia ikipotea, hakuna kodeki iwezayo kuirudisha.

Maswali

1. Kwa nini faili dogo huweza kuitaabisha kompyuta wakati wa kuhariri kuliko faili kubwa?
2. Dakika 10 za video ya megabiti 8 kwa sekunde huchukua megabaiti ngapi? (Jibu: 600.)