Eritrea: Nchi Iliyoamuliwa kwa Karatasi



Mzee mmoja wa darasa letu la jioni alileta karatasi kuukuu aliyoitunza sandukuni miaka mingi. Alikuwa ameitia dole gumba zamani, kabla hajajua kusoma. Siku hiyo aliisoma mwenyewe, neno kwa neno. Alidhani amemwazima jirani shamba kwa misimu miwili. Kumbe karatasi ilisema amemuuzia. Darasa zima tulinyamaza.

Nilikumbuka kisa hicho nilipokuwa nikitayarisha somo hili. Hasara iliyompata mzee huyu iliwahi kuipata nchi nzima.

Haya, tazameni ramani ya Afrika. Wekeni kidole juu ya Misri, mshuke na Bahari ya Sham, mpite Sudan. Nchi ndefu inayofuata pwani, iliyo nyembamba upande wa kusini, ndiyo Eritrea. Imepakana na Sudan, Ethiopia na Djibuti. Mji wake mkuu, Asmara, uko mlimani, mita 2,300 hivi juu ya bahari. Bandari yake kubwa, Massawa, iko chini kwenye joto kali.

Watu wameishi huko tangu kale sana. Mahali paitwapo Buya lilichimbuliwa fuvu la kichwa lenye umri wa miaka kama milioni moja. Huko Abdur, pwani, yameonekana mawe yaliyochongwa na watu waliokula chaza na kaa miaka 125,000 iliyopita.

Miaka 1,900 na zaidi iliyopita palikuwa na bandari iliyoitwa Adulis. Mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika Kigiriki aliitaja katika kitabu chake. Anasema hapo zilipatikana pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Kitabu hicho hicho kinaendelea kusini mpaka pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, kwa hiyo wao na sisi tumo katika kurasa za kitabu kimoja. Adulis ilikuwa bandari ya dola la Aksum. Wafalme wa dola hilo waliandika habari zao juu ya mawe, na jiwe moja la namna hiyo bado limesimama huko Matara. Herufi zile ndizo zinazoandika Kitigrinya hadi leo. Basi msidanganywe na mtu kwamba Mwafrika alifundishwa kuandika na Mzungu.

Aksum ilipodhoofika, watawala walikuwa wengi. Nyanda za juu walitawala machifu Wakristo, na pwani ilikuwa ya Waislamu. Waturuki waliichukua Massawa mwaka 1557, na baadaye wakaja Wamisri.

Sasa tufike kwenye karatasi. Mwaka 1869 kampuni moja ya meli ya Italia ilinunua ghuba ya Assab kutoka kwa masultani wa hapo. Mwaka 1882 serikali ya Italia ikaichukua Assab kutoka kwa kampuni hiyo. Mwaka 1885 majeshi yake yakaingia Massawa. Tarehe 2 Mei 1889 ukatiwa sahihi mkataba wa Wuchale, kati ya Italia na Mfalme Menelik wa Ethiopia. Mfalme alikubali Wataliani wachukue sehemu ya nyanda za juu pamoja na Asmara. Wenyeji wa Asmara hawakuulizwa.

Mkataba huo uliandikwa kwa lugha mbili, na hapa ndipo penye kisa. Kifungu cha 17 kwa Kiamhara kilisema mfalme anaweza, akipenda, kuitumia Italia katika mazungumzo yake na nchi za nje. Kwa Kitaliani kilisema amekubali kufanya hivyo. Kwa neno hilo moja Italia ikatangaza Ulaya kwamba Ethiopia iko chini yake! Menelik aliukana mkataba, na vita ikaja. Tarehe 1 Machi 1896 Wataliani walishindwa vibaya huko Adwa. Ethiopia ikabaki huru, lakini Eritrea ikabaki mikononi mwa Wataliani. Mamia ya vijana wa Eritrea waliokuwa wamepiganishwa na Wataliani walitekwa, wakakatwa mkono wa kulia na mguu wa kushoto. Vita haikuwa yao.

Jina lenyewe Eritrea lilitolewa na Wataliani tarehe 1 Januari 1890. Limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "nyekundu". Walowezi waligawiwa mashamba ya wenyeji. Ndiyo sababu Bahta Hagos, chifu aliyekuwa rafiki wa Wataliani, aliwageuka Desemba 1894. Aliuawa vitani mwezi huo huo. Wataliani walijenga reli ikafika Asmara mwaka 1911, na walijenga majumba mazuri. Lakini mtoto wa mwenyeji hakuruhusiwa kusoma kupita darasa la nne.

Mwaka 1941 Waingereza waliwashinda Wataliani. Baada ya vita, mataifa makubwa yalibishana juu ya nchi hii kama watu wanaogombania ng'ombe wa marehemu. Tarehe 2 Desemba 1950 Umoja wa Mataifa uliamua Eritrea iungane na Ethiopia kwa shirikisho. Hapakupigwa kura ya wananchi. Karatasi hii, hata hivyo, ilikuwa na haki ndani yake. Kuanzia mwaka 1952 Eritrea ilikuwa na bunge lake na bendera yake, na lugha zake za serikali zilikuwa Kitigrinya na Kiarabu.

Mfalme Haile Selassie alizila haki hizo moja moja. Kiamhara kikaingizwa mashuleni. Bendera ikateremshwa mwaka 1958. Tarehe 14 Novemba 1962 shirikisho likafutwa, na Eritrea ikawa jimbo tu.

Lakini tangu tarehe 1 Septemba 1961 Hamid Idris Awate na wenzake wachache walikuwa wameanza kupiga risasi. Vita ilichukua miaka 30. Wapiganaji wenyewe waligawanyika, wakauana kati yao. Kikundi kilichobaki na nguvu, EPLF, kilikaa miaka mingi kwenye mahandaki ya milima ya Nakfa. Huko mpiganaji asiyejua kusoma alifundishwa, mwanamume na mwanamke. Watoto walisomea chini ya miti na mapangoni kwa kuogopa ndege za mabomu. Tarehe 24 Mei 1991 waliingia Asmara. Wapiganaji wapatao 65,000 walikuwa wamekufa.

Hawakutangaza uhuru siku ile. Walingoja miaka miwili. Tarehe 23 hadi 25 Aprili 1993 wananchi wakaulizwa: mnataka Eritrea iwe nchi huru? Watu zaidi ya milioni moja walipiga kura. Katika kila 1,000, watu 998 walisema ndiyo. Uhuru ulitangazwa tarehe 24 Mei 1993.

Baadaye iliandikwa katiba, ikaidhinishwa mwaka 1997. Mpaka leo haijaanza kutumika.

Maswali ya kuzungumza darasani:
Kifungu cha 17 kilitofautianaje katika zile lugha mbili? Kwa nini wapiganaji walingoja miaka miwili kabla ya kutangaza uhuru? Nyumbani kwako kuna karatasi gani uliyoitia dole gumba, na je, umekwisha kuisoma?